Kufufua magari ya zamani Kigoma: mwongozo kamili kwa kundi la marafiki

Kigoma ni mwisho wa reli. Tangu Reli ya Kati ilipofika hapa mwaka 1914, chombo kizito kilichoshushwa stesheni kilikuwa kimeshasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na aliyekileta mara nyingi hakuona sababu ya kukirudisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa magari ya misheni, ya mashirika ya umma, ya miradi na ya wafanyabiashara wa Ujiji. Yalikuja, yakafanya kazi mpaka yakachoka, kisha yakasukumwa chini ya mwembe. Mengi bado yapo. Kwa anayependa magari ya zamani, huu ni utajiri ulio wazi, ila unapungua kila lori la vyuma chakavu linapopita.

Mwongozo huu ni wa marafiki watatu au wanne wenye mapenzi na kazi hii na mfuko wa kawaida. Kuna jambo moja ninalolisimamia toka mwanzo hadi mwisho: gari la zamani limebeba kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo iandikwe na ipigwe picha kabla spana haijagusa nati ya kwanza. Hata gari mtakaloshindwa kulifufua litakuwa limeokolewa kwa kiasi fulani.

Anzeni na watu

Gari moja linataka akili za aina tofauti. Mmoja awe na mkono wa ufundi. Mwingine awe mpiga picha, hata kama ni wa simu tu. Wa tatu awe mtu wa watu, anayejua wazee wa Ujiji na Mwanga na anayeweza kusalimia kwa Kiha akifika Kasulu au Buhigwe bila kubabaika. Wa nne ashike daftari na hela. Huyu wa nne ndiye anayedharauliwa, na ndiye anayeamua kama kundi litadumu.

Andikianeni makubaliano mapema, ukurasa mmoja unatosha: gari litasajiliwa kwa jina la nani, kila mmoja anachanga kiasi gani kwa mwezi, na itakuwaje mmoja akihamishwa. Kigoma ina walimu, wauguzi na maofisa wengi wanaopata uhamisho kila mwaka. Akiondoka mwenzenu na bodi iko upande huu, injini upande ule, bila maandishi mtagombana hata kama mlikula sahani moja.

Kuhusu vifaa, nunueni spana za mifumo miwili. Peugeot, Volkswagen na magari ya Japani yanatumia milimita. Land Rover za zamani ni za inchi, na matoleo yake ya Series II na IIA yanachanganya nati za mfumo wa kale wa Kiingereza na zile za baadaye. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi ukadhani imefaa, lakini nusu inchi ni milimita 12.7. Ukikaza kwa nguvu pembe za nati zinalika, na nati iliyolika kwenye chuma chenye kutu itakula siku yenu nzima. Ongezeni sumaku ndogo, nyundo ndogo, tochi ya kichwani, filageji (bati nyembamba za kupimia nafasi ndogo), brashi za waya, mifuko ya plastiki na kalamu isiyofutika kwa maji.

Wapi pa kutazama

Misheni ndizo za kwanza. Kabanga kule Kasulu, hospitali na shule za zamani za makanisa, zote zilitegemea Land Rover kwa miaka mingi, na misheni hazitupi kitu ovyo. Baada ya hapo tafuta nyumba za madereva wastaafu. Dereva aliyeendesha gari moja miaka kumi na tano mara nyingi ndiye aliyelinunua lilipouzwa kwa mnada, na kama hana yeye, anajua liliko. Zungukeni nyuma ya gereji za Mwanga, Gungu na Ujiji. Angalieni pia mabanda ya kuku, kwa maana bodi ya Land Rover iliyogeuzwa banda bado ina paa, milango na pengine kibao cha namba za kiwandani.

Minada ya hadhara ina magari ya serikali na ya miradi. Yaliyobaki na namba za zamani yanasema historia yake yenyewe: SU ni shirika la umma, DFP ni mradi wa wafadhili, SM ni serikali za mitaa. Msizikwangue namba hizo zilizopigwa rangi mlangoni. Ni sehemu ya gari.

Uvinza ina tahadhari yake. Chumvi imechimbwa pale tangu enzi za mababu, na gari lililobeba chumvi linaoza kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwingineko mkoani tuna nafuu kubwa. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, upepo wake hauna chumvi, kwa hiyo gari lililoishi Kigoma tu mara nyingi lina bati zima kuliko pacha wake wa Dar es Salaam au Tanga. Kutu ya huku inaletwa na tope jekundu lililoganda ndani ya chesisi (fremu ya chini ya gari) na kushika unyevu masika nzima.

Kubisha hodi

Hapa ndipo makundi mengi yanaharibu. Mmeona boneti inachungulia nyuma ya ua, msiingie na simu zimeinuliwa. Waende wawili, si kundi zima.

"Hodi hapa. Shikamoo mzee."
"Marahaba wanangu. Karibuni."
"Tumepita tukaiona gari yako ile, mzee, tukasema hatuwezi kupita bila kukusalimia. Tunapenda sana magari ya zamani. Ile ni Land Rover 109, siyo?"

Basi. Nyamazeni, mwacheni aseme. Mzee aliyeendesha barabara ya Kasulu hadi Kibondo wakati wa mvua, kabla ya lami, ana mengi, na hakuna aliyemuuliza kwa miaka mingi. Muulizeni lilinunuliwa mwaka gani na kutoka kwa nani, lilikuwa na rangi gani, injini imewahi kubadilishwa, lilizimika kwa nini, na nani alilitengeneza mara ya mwisho. Hilo la sababu ya kuzimika lina thamani ya kifedha kabisa: gari lililoegeshwa kwa kukosa betri na lile lililoegeshwa kwa kupasuka silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) yanafanana kwa macho. Kama mama mwenye nyumba yupo, muulizeni na yeye. Mara nyingi ndiye anayekumbuka mwaka, kwa kuwa anaupima kwa kuzaliwa kwa watoto.

Bei isitajwe siku ya kwanza. Mkirudi mara ya pili na picha iliyochapishwa ya mzee amesimama kando ya gari lake, mtakaribishwa kama watoto wa nyumbani, na hata akikataa kuuza atawaelekeza kwa mwenzake.

Kulitambua gari

Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948. Series II ilikuja 1958, IIA 1961, na III ilianza 1971 ikaendelea hadi 1985. Kwa haraka, tazama taa kubwa: zikiwa zimeingia ndani katikati karibu na rejeta, ni ya kabla ya miaka ya mwisho ya 1960, zikiwa kwenye mabawa, ni IIA za mwishoni au Series III. Series III ina grili ya plastiki na dashibodi iliyo mbele ya dereva, wakati za kabla yake zina saa zake za vipimo katikati. Nambari 88 na 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Namba ya chesisi iko kwenye kibao ndani ya kabini, na imegongwa pia kwenye chesisi yenyewe, mbele kulia, karibu na mshikio wa springi. Hizo mbili zilingane. Kwa IIA ya petroli iliyotengenezwa kwa soko la nje lenye usukani wa kulia, namba huanza na 242 kwa fupi na 252 kwa ndefu.

Peugeot 404 ilianza 1960. Mchoro wake ni wa Pininfarina, na mapezi yake ya nyuma hayamchanganyi mtu. Thibitisha kwa kuhesabu nati za gurudumu: ni tatu. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa upande, na gia ziko kwenye usukani. Gari hili ninalipigania kuliko mengine kwa sababu Tanzania ina sehemu katika sifa yake. Lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na Bert Shankland aliyeshinda 1966 na 1967 alikuwa dereva wa Dar es Salaam. Peugeot 504 ilifuata mwaka 1968, na pikapu zake zilibeba abiria na mizigo Afrika Mashariki nzima.

Kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe, tazama kioo cha nyuma: kilichogawanyika katikati ni cha kabla ya 1953, cha umbo la yai ni hadi 1957, na baada ya hapo kinakua. Datsun pikapu na Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, mtazikuta pia, na ndizo rahisi kwa kundi linaloanza.

Picha

Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam. Matokeo yake jua linakuwa utosini kwenye saa saba mchana, na kuzama kwake ni karibu na saa moja jioni. Mwanga mzuri wa jioni huanza saa kumi na moja na nusu, si saa kumi. Ukitaka ziwa liwe nyuma ya gari, piga asubuhi, jua likiwa linatoka upande wa milima ya mashariki na kuliangaza gari usoni. Jioni jua linashuka upande wa Kongo, na gari ukiliweka mbele ya ziwa litatoka jeusi tii.

Kiangazi, hasa Agosti na Septemba, moshi wa kuchoma nyasi unaweka ukungu unaofuta rangi za mbali. Mvua za kwanza zikishaosha anga, milima ya ng'ambo inaonekana kama iko jirani. Gari lililo chini ya mwembe lisipigwe jua likiwa kali, kwa sababu vidoa vya mwanga vitalifanya lionekane na madoadoa. Subiri wingu. Mawingu mepesi ni rafiki mkubwa wa rangi iliyochakaa. Yanaonyesha kila tabaka.

Kosa kubwa la wenye simu ni kusogea karibu sana. Boneti inavimba na nyuma inasinyaa. Rudi nyuma hatua nane au kumi, kuza mara mbili, kisha piga magoti mpaka simu iwe usawa wa taa kubwa. Picha ya kwanza iwe ya pembeni mbele, ionekane pua na ubavu mmoja. Zinafuata za mbele kabisa, nyuma kabisa na ubavu mzima kila upande. Hizo ni picha za uzuri.

Picha za kazi ni nyingine, na ziwe nyingi zaidi: kibao cha namba za kiwandani, namba ya injini, kila waya unapoanzia na unapoishia, kila mpira wa rejeta, mpangilio wa springi, chini ya viti, nyuma ya dashibodi. Weka rula au sarafu kando ya kila kipuri kidogo. Siku ukimtumia fundi wa Arusha picha ya bushi, atajua ukubwa bila kuuliza. Hifadhi mafaili kwa mwaka, mwezi, mahali na gari, katika simu ya mtu mmoja na kwenye diski ya mwingine.

Omba ruhusa kila mara, hata gari likiwa barabarani. Namba ya usajili ifunike kabla ya kuweka picha mtandaoni, na msitaje nyumba liliko. Wezi wa vipuri nao wanatafuta. Bandarini, stesheni, kituo cha polisi na kambini usitoe simu bila idhini ya mhusika, hata kama gari unalolitaka limeegeshwa pale pale.

Kukagua kabla ya kutoa hela

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haishiki sumaku wala haishiki kutu. Ugonjwa wake uko kwenye chesisi ya chuma na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya abiria. Lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia mwisho wa nyuma, ambako huoza kwanza, ukielekea mbele. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa. Kwa Peugeot na Volkswagen tumia sumaku iliyofungwa kitambaa, uipitishe kuzunguka matairi na chini ya milango. Isiposhika, hapo kuna pati, ule ujazo wa kuficha matundu.

Injini: chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Chomoa plagi, kisha jaribu kuzungusha kwa hendeli bila nguvu nyingi. Ikisogea hata robo mzunguko, mna matumaini makubwa.

Kuliko kuvunjika, ogopeni kupungukiwa. Kabureta iliyopasuka inaweza kutengenezwa au kutumika kama mfano. Isiyokuwepo inabidi itafutwe bila kujua inafananaje. Gari baya lililokamilika ni bora kuliko zuri lililochomolewa vitu.

Karatasi

Kadi ya gari ionekane kwanza. Namba za chesisi na injini zilingane nayo. Mwenye jina akiwa amefariki, msinunue kwa mtoto mmoja hata akiwa mkubwa wa familia. Takeni barua ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Gari la misheni au taasisi liuzwe na uongozi wenyewe kwa barua, si na mlinzi wala fundi. Mkataba uandikwe kwa wakili, na kabla ya kulipa nendeni TRA (Mamlaka ya Mapato) mkahakikishe hali ya usajili, kisha polisi kujua kama halitafutwi.

Kulihamisha na kulilaza

Lisivutwe kwa kamba. Breki zimeganda, matairi yamepasuka, na usukani huenda haushiki. Likodieni lori, mpandishe kwa ngazi za mbao na winchi ya mkono, mfunge ekseli wala si bodi.

Liwekeni chini ya paa, juu ya matofali au magogo yaliyo imara ili springi na matairi vipumzike. Toeni viti siku hiyo hiyo. Panya wanaanzia huko, na kabla ya kuingiza mkono popote pigeni kelele na nyundo, nyoka naye anapenda kivuli. Fagieni majani yote kuzunguka, mwangalie mchwa kama bodi ina mbao. Kisha pakeni grisi au oili nzito kila chuma kilicho wazi.

Kuhusu hilo la grisi, mji wetu una ushahidi wa aina yake. Meli iliyokuja kuitwa Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha, ikaletwa hadi Kigoma na kuunganishwa hapa, ikashushwa majini 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kwanza mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Iliibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari. Miaka mingi chini ya maji, na injini zikatengenezeka. Gari lenu lililo chini ya mwembe lina hali nafuu mno, mkilipatia ulinzi huo huo wakati mnachanga hela.

Kulifungua

Fungua sehemu moja, imalize, ndipo uende nyingine. Kundi linalofungua gari lote kwa wiki moja linaishia na banda la vyuma. Kila bolti iingie mfuko wake wenye maandishi: mahali, upande, idadi. Nati iliyoganda mwagie mafuta ya kulainisha jioni, rudia asubuhi, kisha igonge kichwani kabla ya kuifungua. Ikikataa, ipashe moto, mbali na tangi na mipira. Usitupe kipuri chochote kibovu mpaka kipya kimefungwa na kinafanya kazi.

Breki

Breki ndiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kusikia injini ikinguruma. Vumbi lililo ndani ya ngoma za magari ya zamani linaweza kuwa na asbesto. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Loweka kwa maji yenye sabuni, futa na kitambaa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa.

Badilisheni mipira yote ya masta silinda (pampu kuu ya breki) na ya silinda za magurudumu, na zile hosi laini tatu au nne zinazojikunja na magurudumu. Hosi ya zamani inavimba kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Paipu za chuma zilizo na kutu ziondoke zote. Tumieni mafuta halisi ya breki, DOT 3 au DOT 4, na asiwepo wa kuongeza oili ya injini eti imepungua: oili inavimbisha mipira na breki zinaganda. Kutoa hewa anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Land Rover nyingi za zamani zina njia moja tu ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo uvujaji mmoja unaondoa breki zote. Na breki yake ya mkono inashika shafti nyuma ya giaboksi. Ni ya gari lililosimama, usiivute likiwa linakwenda.

Umeme

Kabla ya kugusa betri, tazama waya gani umefungwa kwenye bodi. Land Rover za kabla ya takriban 1967 zilifunga chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Fundi asiyejua hilo atafunga kwa mazoea na kuunguza kitu.

Magari ya Kiingereza yana rangi za waya zinazosomeka vizuri. Kahawia unatoka moja kwa moja kwenye betri. Mweupe unapata umeme swichi ikiwashwa. Kijani unapitia fyuzi baada ya swichi. Bluu ni taa kubwa, mwekundu ni taa ndogo na za nyuma, mweusi unarudi kwenye bodi. Mkijua hayo, nusu ya hofu ya waya inaondoka. Nusu ya matatizo yaliyobaki ni kutu pale waya mweusi unapogusa bodi: kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, paka grisi.

Kuiamsha injini iliyolala

Changanyeni oili na dizeli nusu kwa nusu, mmimine vijiko vichache vya chakula katika kila tundu la plagi. Acheni wiki nzima, ongezeni kila baada ya siku mbili. Kisha jaribuni hendeli taratibu, au wekeni gia ya nne na kulisukuma gari mbele na nyuma kidogo kidogo. Msilivute na gari jingine likiwa kwenye gia ili kulilazimisha. Pete za pistoni zinavunjika na mtajenga injini upya.

Ikizunguka, mwagieni nje oili yote ya zamani, wekeni mpya ya 20W-50 na chujio jipya. Plagi zikiwa bado nje, piga stata mpaka presha ya oili ionekane. Hapo vyuma vyote vimelowana, ndipo mfikirie moto.

Petroli ya zamani ni gundi. Toeni yote, fungueni kabureta juu ya sinia, mwioshe kila tundu. Tangi lisafishwe kwa maji ya moto, sabuni na mnyororo mdogo wa kutikisa ndani, na lisichomelewe kamwe, hata likiwa limekaa tupu miaka mingi: mvuke unaobaki unalipuka. Mara ya kwanza washeni kwa petroli safi kutoka dumu dogo lililowekwa mbali na moto, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu asiye na kazi nyingine.

Kwa Land Rover ya petroli ya lita 2.25, vipimo ni hivi: nafasi ya pointi za distributa (kigawa umeme wa plagi) milimita 0.35 hadi 0.40, nafasi ya plagi karibu 0.75, ya tapeti (zinazosukuma vali) 0.25, na silinda zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, ya kwanza ikiwa ya mbele. Kumbukeni pia kwamba injini hizi zilizoea petroli yenye risasi (madini ya ledi), ambayo iliondolewa katika nchi zetu kufikia 2006. Risasi ile ililinda vikalio vya vali. Ukiendesha taratibu hakuna maafa, ila pima tapeti mara kwa mara. Nafasi ikizidi kupungua, vikalio vinalika.

Vipuri na mafundi

Vipuri vya Land Rover vitafuteni Arusha, ambako magari haya yanapendwa kiasi kwamba mwaka 2024 mamia yake yalikusanyika kwa tamasha. Dar es Salaam nendeni Gerezani. Tairi za 7.50-16 bado zinauzwa. Vipuri vya 404 ni vigumu, hivyo mkiona gari bovu la aina hiyo linauzwa kama chuma, linunueni lote. Vya kukereza na kuchomelea msivipeleke mbali: mafundi wa hapa wamezoea vyombo vya ziwani na bushi ya springi haiwashindi.

Bodi na rangi

Rangi ni ya mwisho, na wakati mwingine haihitajiki. Gari lenye rangi ya asili iliyopauka lina heshima ambayo rangi mpya hairudishi. Ikibidi, tafuteni rangi halisi chini ya viti au nyuma ya dashibodi. Aluminiamu inataka praima yake maalumu, vinginevyo rangi inamenyuka kama ganda. Pale aluminiamu inapokutana na chuma wekeni rangi au kipande cha mpira katikati, maana metali hizo mbili zikigusana na unyevu aluminiamu inageuka unga mweupe. Mkichomelea chesisi, betri na tangi vitoke kwanza.

Kulipeleka barabarani

Bima, ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani na kadi yenye jina sahihi vitangulie. Safari ya kwanza iwe asubuhi, magari yakiwa machache, kutoka Mwanga kuelekea Ujiji na kurudi. Mteremko wa kushuka mjini kuelekea stesheni usubiri mpaka breki zimezoea. Gari jingine lifuate nyuma likiwa na maji, kamba na spana.

Mkirudi, gusa kila kitovu cha gurudumu kwa nyuma ya mkono: kinachochoma kuliko vingine kina breki inayoshika au beringi iliyokazwa mno. Tazama chini kama kuna tone lolote, ujue ni la nini kabla ya kulifuta. Kaza nati za magurudumu siku hiyo na tena baada ya kilomita 50. Zikifika 500, kaza bolti za silinda hedi kwa mpangilio wa kitabu cha gari, pima tapeti upya, mwaga oili na ikague kwa sumaku kama ina unga wa chuma, kisha mshika daftari aandike tarehe na kilomita.